Tupande Boti Gani?

Kuna watu wanaoamini kwamba safari ya siku moja haihitaji mipango. Asubuhi mnakwenda, jioni mnarudi, kwani kuna nini? Msomaji wangu, kama una mwenzi wa maana, nakwambia kwa roho safi: afadhali upange fungate ya wiki mbili. Kwenye wiki mbili mkinuniana Jumanne, Alhamisi mmeshapatana. Siku moja ina asubuhi moja, mchana mmoja na boti ya mwisho ya kurudi, na kila mmoja wenu anaamka na picha yake kichwani ya jinsi mambo yatakavyokuwa. Wewe unataka kujilaza ufukweni, yeye anataka kuzunguka kisiwa kizima. Wewe umebeba kamera, yeye amebeba njaa. Ukitaka kuijua ndoa ya watu haraka haraka, watazame bandarini wakibishana wapande boti gani.

Yetu ilikuwa na kipengele cha ziada. Mume wangu hapandi boti.

Sisemi hapendi. Nasema hapandi. Ni Mhaya wa Bukoba, nshomile wa kweli, mwenye digrii mbili na maoni juu ya kila kitu kilicho chini ya jua, na ukimuuliza kwa nini tumekwenda Zanzibar mara sita kwa ndege wakati boti zinaondoka pale Dar kila siku, atakupa mhadhara mzima juu ya foleni, kichefuchefu na thamani ya muda. Hata pantoni la Kigamboni halipandi. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016, nadhani hakuna mkazi wa Dar aliyefurahi kumzidi, na wala hatuna kiwanja Kigamboni.

Sababu yenyewe naijua tangu tunachumbiana. Alfajiri ya 21 Mei 1996, MV Bukoba ikikaribia Mwanza, yeye alikuwa darasa la tatu. Meli ilipozama, mji wao mdogo ukawa na matanga kila mtaa. Hakupoteza ndugu wa damu. Alipoteza mtoto mwenzake waliyekaa dawati moja. Aliniambia mara moja tu, tukiwa kwenye kibanda cha chipsi Sinza, kisha akaagiza soda nyingine.

Mimi kwa upande wangu ni mtu wa pwani. Bibi yangu mzaa mama yuko Unguja, na mimi nimeanza kuvuka nikiwa mgongoni. Ajali za mwaka 2011 na 2012 kwenye maji ya Zanzibar tulilia kama wengine, tukasoma hitma, na mwezi uliofuata nikapanda boti kwenda kumwona Bibi, maana Bibi yuko ng'ambo na bahari iko katikati, utafanyaje? Basi ndivyo tulivyoishi miaka minane ya ndoa. Akiwa na haraka tunapanda ndege wote. Pesa ikibana, mimi natangulia kwa boti na watoto wanabaki naye. Wala hatujawahi kuliita tatizo.

Mpaka Aprili 2024, tulipojikuta St. Kitts, kwenye visiwa vya Karibi.

Sababu ilikuwa harusi. Shoga yangu tuliyelala naye chumba kimoja hosteli miaka mitatu alikwenda kusoma shahada ya pili Leeds, Uingereza, na huko akampata kijana ambaye asili yake ni visiwa hivyo. Usishangae. Leeds ina watu wengi wa St. Kitts na Nevis, na ile kanivali kubwa ya Kikaribi ya mji huo, iliyoanza mwaka 1967, mwanzilishi wake Arthur France ni mzaliwa wa Nevis. Safari yenyewe, Dar mpaka London, London mpaka Antigua, Antigua mpaka St. Kitts, pamoja na sinema ya viza, ni makala nyingine. Nitaiandika siku nikipona.

Wazazi wa bibi harusi walishindwa kusafiri. Kwa hiyo upande wake wote, ukoo mzima wa Tanzania, tulikuwa watu wawili. Mimi nilikuwa mama, shangazi, somo na kamati ya chakula. Mume wangu alikuwa baba mzazi, mjomba na mshenga. Harusi ilikuwa nzuri, watu walicheza mpaka viatu vikavuliwa, na sitaieleza zaidi kwa sababu harusi zote nzuri zinafanana ukishazisimulia.

Ngoja nikuchoree ramani, maana bila hiyo hutanielewa. Nchi ni moja, visiwa ni viwili. Walipata uhuru 19 Septemba 1983, na nchi nzima haizidi kilomita za mraba 270 hivi. Unguja peke yake inaimeza mara kadhaa. St. Kitts ndiyo kaka mkubwa, yenye mji mkuu Basseterre, uwanja wa ndege na bandari ya meli za watalii. Nevis ni mdogo mtu: kisiwa cha duara chenye mlima mmoja katikati, Nevis Peak, urefu mita 985, ambao mara nyingi umejifunika wingu jeupe kama mtu aliyetoka kuoga. Jina lenyewe linatokana na Kihispania, Mama Yetu wa Theluji, kwa ajili ya wingu hilo. Theluji yenyewe haipo. Kati ya visiwa hivyo kuna mlango wa bahari unaoitwa The Narrows, upana kama kilomita tatu pale palipo pembamba. Ukisimama kusini mwa St. Kitts unaiona Nevis mbele yako kabisa, unahisi ungeita mtu angeitika.

Na kama ndugu wengine wowote, wana maneno yao. Agosti 1998 watu wa Nevis walipiga kura ya kujitenga. Karibu asilimia 62 walisema tuachane, lakini katiba ilitaka theluthi mbili, basi wakabaki pamoja. Mtanzania ukisimuliwa hilo unatabasamu pembeni, unanywa juisi yako.

Jumapili, siku moja baada ya harusi, tulikuwa jikoni kwa wakwe wa shoga yangu tukimalizia viporo. Ndege yetu ilikuwa Jumanne. Jumatatu ilikuwa tupu, na mimi nilikuwa nimeshaipangia kazi ya kulala.

"Jumanne mnaondoka," shoga yangu akasema, "na Bibi hajawaona."

Bibi ni bibi wa bwana harusi, mzaa mama, ana miaka 84, anaishi Nevis, sehemu inayoitwa Gingerland, yaani nchi ya tangawizi. Harusini hakuwepo. Walisema presha ilipanda. Sasa wewe fikiria: binti yetu ameolewa, watu wa upande wake wametoka ng'ambo ya dunia, halafu wanaondoka bila kumsalimia mkubwa wa ukoo anayekaa ng'ambo ya maji unayoyaona dirishani. Kwetu hiyo haipo. Hata mume wangu alilijua hilo, niliona anavyopunguza kutafuna.

"Ndege ipo?" akauliza.

Ndege ipo, Nevis ina uwanja wake. Lakini kukodi kindege kwa watu wawili, kwenda na kurudi, kesho asubuhi! Bei aliyotajiwa na mwenyeji wetu ingetosha ng'ombe wa mahari.

"Basi nenda wewe," akaniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ile ya kistaarabu anayoitumia akiwa amekasirika au anaogopa. "Mpelekee salamu zangu."

Nikamwambia mimi peke yangu ni mgeni, sisi wawili ni ujumbe. Kilio chetu hicho hakikuhitaji mkalimani. Mama mkwe wa shoga yangu alikuwa anaosha vyombo, hakugeuka. Akasema, "Mwache. Mama yangu naye hapandi."

Ndipo tulipoisikia habari ya Christena. Ilikuwa feri ya abiria iliyokuwa ikivuka kati ya Basseterre na Charlestown, mji mkuu wa Nevis. Jumamosi mchana, tarehe 1 Agosti 1970, wikiendi ya sikukuu ya kukumbuka mwisho wa utumwa, watu walikuwa wanarudi Nevis na mizigo ya sokoni na nguo mpya. Chombo kilijaa takriban mara mbili ya uwezo wake. Kilizama kikiwa bado upande wa St. Kitts. Walikufa watu 233, kwenye visiwa ambavyo kila mtu anamjua kila mtu. Kila mwaka tarehe hiyo huwa wanawakumbuka.

"Bibi alikuwa ndani?" nikauliza.

"Bibi alikuwa gatini Charlestown, anamsubiri mdogo wake."

Tangu siku hiyo Bibi amefika Leeds mara tatu kwa ndege. St. Kitts, ambayo anaiona akienda dukani, hajawahi kuvuka tena kwa maji. Walikuwa wamempangia kindege cha kumleta harusini, siku mbili kabla presha ikapanda kweli, daktari akasema abaki.

Mume wangu alichukua kitambaa akaanza kukausha sahani. Alikausha moja kwa muda mrefu mno. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza idadi ya viti, "Boti ziko za aina ngapi?"

Hapo sasa ndipo mipango ilipoanza, na sijawahi kupanga kitu namna ile, na mimi ni mhariri, naishi kwa tarehe za kupeleka gazeti mtamboni. Tulirudi tulipofikia, Frigate Bay, tukatandaza ramani ya watalii mezani.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni boti za abiria za Basseterre mpaka Charlestown, dakika kama 45. Ziko kadhaa, wenye nazo ni watu tofauti, na ratiba hubadilika kwa siku ya wiki, ndiyo maana siiandiki hapa. Ukifika uliza jana yake, tena uliza watu wawili. Ya pili ni teksi za majini, boti ndogo za injini zinazovuka pale The Narrows kutoka fukwe za kusini, dakika chache tu umefika. Ya tatu ni pantoni la magari, linatoka ghuba ya Majors kusini kabisa mwa St. Kitts mpaka Cades Bay upande wa Nevis, dakika ishirini na kitu.

Mimi ningechagua ya kwanza bila kufikiri. Inatoka mjini, inafikia mjini, na ndiyo wanayopanda wenyeji wakienda kazini. Mume wangu aliikata palepale. Dakika 45 ni nyingi, na ni njia ileile. Mtu asiyejua angesema basi apande ile fupi, teksi ya majini. Lakini boti ndogo kwenye mlango mwembamba wa bahari inarushwarushwa, na yeye alitaka kitu kipana, kilicho wazi, ambacho ukisimama unaona pande zote. Likabaki pantoni. Msomaji, huyu ni mtu ambaye hajawahi kupanda pantoni la Kigamboni!

Saa tano usiku tulipiga simu nyumbani. Dar ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatatu, mama yangu anawavalisha watoto sare za shule. Mdogo alitaka kujua kama huku kuna nyani. Nikamwambia kuna tumbili, tena wengi, na ni kweli: waliletwa na Wazungu kwa meli kutoka Afrika Magharibi karne ya 17, na wenyeji hupenda kusema wamezidi watu. Mkubwa alitaka kujua tunarudi lini. Tulipokata simu, mume wangu akakaa kitandani.

"Nimefikiria," akasema. "Wewe upande pantoni la kwanza, mimi nije na linalofuata."

Nikacheka. Kisha nikaona yeye hacheki.

"Watoto," akasema.

Nikamkumbusha kwamba tumekuja huku wote wawili ndani ya ndege moja, usiku kucha juu ya bahari, na yeye alikoroma mpaka Mzungu wa kiti cha pembeni akahama.

"Ndege sijawahi kuisindikiza," akasema.

Hilo sikuwahi kulisikia. Jioni ile ya Mei 1996 walikwenda bandarini Bukoba, watoto watatu wa mtaa mmoja, kumsindikiza mwenzao aliyekuwa anakwenda Mwanza na mama yake. Mwenzao alikuwa amevaa viatu vya shule, ndivyo vizuri alivyokuwa navyo. Alipofika juu aliwapungia. Wao wakakimbia ufukweni sambamba na meli mpaka mchanga ulipoishia. Miaka minane ya ndoa, na ile ya uchumba juu yake, na stori ilikuwa imeishia kwenye dawati. Sasa ikafika mpaka ufukweni, saa tano na nusu usiku, katikati ya Karibi, kwa sababu ya ratiba ya pantoni.

Sikumwambia usiogope. Sidhani kama neno hilo limewahi kumsaidia mtu yeyote. Nilichukua kalamu nikamwambia tuandike masharti. Akaandika yake: tutasimama nje, si ndani. Tutafika mapema tuone kinavyopakiwa. Hatutapanda chombo cha mwisho cha kurudi, hata mchuzi uwe mtamu namna gani, kwa sababu cha mwisho ndicho kinachobeba kila aliyechelewa. Tutapanda kimoja, pamoja, hilo alilikubali akiwa ameinamia karatasi. Mimi nikaongeza langu moja. Ukisema tushuke, tunashuka. Hata kama mlango umeshaanza kufungwa, hata kama nauli imelipwa, hata kama Bibi amepika. Sitauliza kwa nini na sitakukumbusha ukifika nyumbani. Aliisoma mara mbili, akaikunja ile karatasi akaitia kwenye pasipoti.

Naomba nitoke nje ya mada kidogo. Wanandoa wengi mnaopanga safari mnajadili pesa, na mna haki, maana pesa inauma. Kule wanatumia dola ya Karibi ya Mashariki, ambayo imefungwa kwenye dola ya Marekani kwa 2.70 tangu mwaka 1976, kwa hiyo hesabu ni rahisi na dola za Marekani zinapokelewa kila mahali. Nauli ya kuvuka haitishi. Teksi ndizo zinazokula bajeti, basi mkubaliane bei kabla ya kufunga mlango. Lakini ni wangapi mnakaa chini mkajadili ni nani anaruhusiwa kusema "turudi", na mwenzake atalipokeaje? Ndani ya gari, kwenye mlima, kwenye pati ya ofisini kwake. Mimi naona hilo ndilo la kupanga kwanza, mengine utayasoma kwenye vipeperushi vya hoteli.

Asubuhi tukachukua teksi. Barabara ya kusini inapanda mlima wa Timothy, na pale juu dereva alisimama bila kuombwa: kushoto Atlantiki, kulia bahari ya Karibi, katikati ukanda mwembamba wa nchi kavu, na mbele kabisa Nevis na wingu lake. Kule wanaendesha kushoto kama kwetu, basi mume wangu alikaa mbele akitoa ushauri wa gia mpaka dereva akaongeza redio. Nilijua ni woga. Akiogopa anafundisha.

Ghubani tulifika mapema mno, tulikuwa sisi na mbuzi. Magari yakaanza kuja. Alisimama pembeni ya njia ya kuingilia akihesabu: magari, watu, jaketi okozi, wapi zilipo, zinafunguka vipi. Kisha akamfuata baharia mmoja akamuuliza chombo kinaruhusiwa kubeba watu wangapi na leo wamo wangapi. Nilijiandaa kwa jibu la dharau, yale tunayoyajua. Baharia alimtajia namba zote mbili. Akaongeza, "Wazee wetu nao huuliza."

Tukapanda. Kuhusu dakika ishirini na kitu zilizofuata sina mengi. Bahari ilikuwa ya wastani. Alishika pochi yangu, si mkono wangu, na mkanda wa pochi ile haukupona. Katikati ya mlango wa bahari alinigeukia, nikafikiri sasa anasema tushuke, na hapo pa kushukia hapapo. Akasema, "Hapa ni kina kiasi gani?" Nikamwambia sijui. "Bora," akasema.

Nevis inazungukwa na barabara kuu moja, kama kilomita 32, na ukiwa na dereva mzuri unaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Wetu alitupitisha Charlestown, kwenye makumbusho ya mahali alipozaliwa Alexander Hamilton, yule wa kwenye noti ya dola kumi, waziri wa kwanza wa fedha wa Marekani. Alituonyesha kijiji cha Bath chenye chemchemi ya maji ya moto, watu wazima wamekaa ndani kimya asubuhi ya Jumatatu kama wako kliniki. Kanisa la Fig Tree linatunza kumbukumbu ya ndoa ya Nelson, jemadari wa majini wa Uingereza, aliyemwoa mjane wa Nevis, Frances Nisbet, mwaka 1787. Mume wangu alisoma kila kibao kwa sauti. Mimi nilichobeba kichwani ni miji ya kale ya mashamba ya miwa, kuta nene zilizobaki na vinu vya mawe, na kuwaza ni akina nani walizijenga na walivuka maji gani kufika pale. Wao walifungwa minyororo ndani ya chombo. Hakuna aliyewauliza kama kimejaa.

Bibi alikuwa barazani amevaa gauni la kanisani. Mdogo wa mwili, mkubwa wa macho. Tulimsalimia kwa kupiga goti kidogo, yeye akashangaa, kisha akanyoosha mkono akauacha hapo mpaka tukamaliza wote wawili. Alikuwa amepika samaki wa chumvi, ndizi, maandazi ya kuchemsha yenye nazi na shelisheli. Shelisheli! Nilikaribia kulia. Nilimwambia bibi yangu Unguja anaikaanga, akataka kujua anaikata vipi, tukabishana juu ya unene wa vipande kama watu waliojuana miaka.

Tulimpa kahawa ya Bukoba, karafuu, na doti ya kanga. Akauliza hayo maneno yanasemaje. Ilikuwa "Mgeni njoo mwenyeji apone". Mume wangu, nshomile, mwenye Kiingereza cha kuuza, alihangaika nayo dakika nzima. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mwenyeji alikuwa anaumwa nini?"

Hakuna aliyemjibu. Akajifunga ile kanga mabegani, akamtazama mume wangu. "Wameniambia wewe pia hupandi."

"Leo nimepanda."

"Kipi?"

Akamweleza: pantoni, lina magari mangapi, watu wangapi, jaketi ziko upande gani. Bibi alikuwa anatikisa kichwa kwa kila kipengele kama mwalimu anayesahihisha. Hawakuzungumza habari ya mdogo wake. Hawakuzungumza habari ya Bukoba. Walizungumza idadi ya watu na hali ya upepo, karibu nusu saa, na mimi nikaenda kuosha vyombo niwaachie baraza.

"Mnarudi na kipi?" nikamsikia akiuliza.

Akamtajia saa. Si cha mwisho, akamhakikishia, ni cha kabla ya mwisho.

Bibi akatazama saa ya ukutani. "Kuna kingine kabla ya hicho."

Basi tukaondoka na kile. Keki tulifungiwa kwenye karatasi ya nailoni, chai ilibaki mezani haijanywewa. Alitutoa mpaka getini, kanga bado mabegani, akasimama palepale mwisho wa ua. "Nawaishia hapa," akasema. "Bandarini simsindikizi mtu." Mume wangu akasema hata yeye. Wakashikana mikono. Bibi alimwandikia namba ya simu kwenye kipande cha gazeti, tarakimu kubwa kubwa za mtu asiyeona vizuri.

Kurudi, hakushika pochi. Alisimama ameegemea gari la mtu, anaitazama St. Kitts ikisogea, na karatasi ya Bibi iko mkononi tangu tulipong'oa nanga. Pantoni lilipogusa nchi kavu, magari hayajaanza hata kuwasha injini, akapiga.

"Tumefika, Bibi."

Niliisikia sauti yake kwenye simu, ya chini, imetulia.

"Haya," akasema. "Sasa nakula."